Tupeane uzoefu: umewahi kukuta kitabu cha shule cha mwanao kikakushtua? Ulifanyaje?

MamaWawili (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba wazazi, walimu na hata mliomaliza shule zamani mnisaidie kwa hili, limeninyima usingizi.

Binti yangu ana miaka 15. Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alirusha kwenye grupu letu picha ya ukurasa wa riwaya iliyo kwenye orodha yao ya mwaka huu. Ukurasa ule unaeleza jinsi msichana wa sekondari anavyorubuniwa na mtu mzima anayemlipia ada. Maneno ni makali, sikatai. Haikupita saa moja grupu likachafuka: mwalimu afukuzwe, vitabu vikusanywe. Nami nikaandika "naunga mkono". Kesho yake tukasaini barua kwenda kwa mkuu wa shule, na kitabu kikasimamishwa.

Jioni binti akaniuliza, "Mama, umekisoma?" Nikamwambia nimeona picha. Akasema, "Huo ni ukurasa wa 62. Sura inayofuata ndipo anapomwambia mwalimu wake, na ndiyo tuliyokuwa tunaijadili darasani." Nilikosa la kujibu. Jina langu liko kwenye barua ile, la tatu kutoka juu.

Waliopitia haya, mlifanyaje?

Kalamu Nyekundu

Sisi tulibandikishwa gundi. Mwalimu alitaja kurasa nne, akasimama akihakikisha kila mmoja anabandika. Tulipofika bwenini tukazibandua kwa mvuke wa maji ya moto. Nakwambia ukweli dada, riwaya nzima nimeisahau, hata jina la mhusika mkuu silikumbuki. Zile kurasa nne nazikumbuka neno kwa neno.

Baba Mlezi

Naomba wazazi wote tusiwekwe kapu moja. Kijana wangu akiwa na miaka 10 alirudi na kitabu cha hadithi chenye mauaji yaliyoelezwa hatua kwa hatua. Alilala na taa inawaka karibu mwezi. Nilikisoma chote, nikaenda kwa mwalimu wake peke yangu, bila barua na bila grupu. Kumbe kilikuwa cha wanafunzi wakubwa, kilichanganywa wakati wa kugawa. Kikarudishwa kwenye rafu yake, mwanangu akapewa kingine.

Kwa hiyo kuuliza ni haki yetu, na umri ni hoja halali kabisa. Ila niliomba kwa ajili ya mwanangu tu. Sikuomba watoto wa wenzangu nao wanyang'anywe.

Mwalimu wa Fasihi

MamaWawili, nimefundisha fasihi zaidi ya miaka ishirini na barua kama yenu nimeshapokea.

Wengi hapa mtakuwa mmesoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka 1971 ilionekana chafu, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya mambo ya ngono. Baadaye ikaingia kwenye orodha ya vitabu vya kusomwa sekondari. Sasa tazameni kitabu chenyewe kinasema nini. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana na kumfungia mbali na wanaume. Hamfundishi chochote, anamtisha tu. Rosa anapotoka chini ya macho ya baba yake hana silaha yoyote, anaangamia. Nikiwafundisha wanafunzi wangu huwa nawaomba wawaazime wazazi wao nyumbani, kwa sababu naamini kiliandikwa kwa ajili ya wazazi kuliko watoto. Mzazi mmoja alikuja ofisini amefura, kitabu mkononi. Nilimwomba akae, nikamsomea ile sehemu ya kipigo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba kuondoka nacho akamalizie.

Siku hizi kabla muhula haujaanza natuma kwa wazazi ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, sehemu ngumu ni zipi, na kwa nini nimekichagua. Asiyetaka kabisa, mwanawe anapewa riwaya nyingine yenye maudhui yanayokaribiana, pamoja na maswali yake. Malalamiko yamepungua sana.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi ya barua zenu. Kitabu kilichoondolewa kwa kelele kinajulikana, watu watakitafuta. Kuna vingine viwili ambavyo niliviacha mimi mwenyewe, kimyakimya, kwa kuogopa simu za wazazi. Hakuna aliyeniagiza. Wanafunzi wa miaka ile hawajui hata kwamba walikosa kitu. Hilo nalijutia hadi leo.

Sina Jina Hapa

Nimefungua akaunti ili niandike hili tu.

Nilikuwa na miaka 13. Yaliyompata msichana wa hadithi yetu ya darasani yalikuwa yananipata nyumbani, na sikujua kama yana jina. Mwalimu alisoma kwa sauti, akafunga kitabu, akasema, "Kosa si la huyu mtoto." Basi. Hakujua kama kuna mtu darasani anahitaji kuisikia sentensi ile. Ilinichukua miezi miwili kumfuata.

Mwaka uliofuata wazazi walikilalamikia kitabu, kikaondolewa. Mmoja wa waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi alikuwa yeye aliyekuwa ananifanyia yale.

Sisemi kila anayelalamika ana nia mbaya. Nasema tu kwamba ilitokea.

MamaWawili

Dada, pole. Asante kwa kutuamini. Nimelia.

Mkutubi

Pole sana, Sina Jina.

Niongeze la upande wa maktaba. Kuna kitabu ambacho mwanafunzi analazimika kukisoma ili afanye mtihani, na kuna kitabu kinachokaa kwenye rafu kikimsubiri anayekitaka. Kwenye cha lazima naelewa kabisa mzazi akitaka kusikilizwa. Kwenye rafu, anayekiondoa anawaamulia watoto wa watu wote.

Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Katika miaka ya 1970 bodi ya wilaya ya shule ya Island Trees, jimbo la New York, iliondoa vitabu kadhaa kwa kufuata orodha ambayo baadhi ya wajumbe wake waliipata kwenye mkutano wa kikundi cha wazazi. Iliundwa kamati ya wazazi na walimu wavisome, ikashauri baadhi virudishwe. Bodi haikufuata sehemu kubwa ya ushauri huo. Wanafunzi watano, akiwemo Steven Pico, wakashitaki. Mwaka 1982 wakashinda hapo, kwa majaji watano dhidi ya wanne: kesi yao iendelee kusikilizwa. Majaji wenyewe hawakukubaliana kuhusu sababu, na kesi ilihusu maktaba, siyo vitabu vya kufundishia. Tangu nisome habari zake, kila anayeleta lalamiko namwomba kwanza aandike yeye mwenyewe kitabu kinahusu nini. Wengi huomba muda wakasome.

MamaWawili

Mrejesho, wakuu.

Nimekisoma chote, siku tatu. Bado naona ukurasa wa 62 umezidi urefu, mwandishi angeweza kutuelewesha kwa nusu yake. Lakini nimemwandikia mkuu wa shule kuondoa jina langu, na nimeomba kitabu kirudi kwa masharti kama ya Mwalimu hapo juu: tuelezwe mapema, na asiyetaka apewe kingine. Kwenye grupu wawili wameniunga mkono. Mmoja ameniita msaliti.

Nakala niliyosoma ni ya binti yangu. Pembeni ya ukurasa ule ameandika kwa penseli, "Kwa nini hakumwambia mama yake?"

Sijamuuliza bado. Mwalimu, ungekuwa wewe ungeanzia wapi?