Nimeombwa kugombea uenyekiti wa kijiji, na kisiwa kizima ni ndugu zangu

fundi_mashine
Assalaam alaykum. Mimi kijana wa Jibondo, Mafia, miaka 28, fundi wa mashine za boti. Nimekulia hapohapo, maji ya kunywa tumeyafuata kisiwa jirani cha Juani kwa mashua kama watoto wote wa kwetu. Sasa wazee wamenifuata, wanataka 2029 nigombee uenyekiti wa kijiji. Shida ni kwamba kila ninayekutana naye njiani ni wa kumwamkia shikamoo. Na mjomba aliyenilea ndiye anayekokota juya usiku, wavu uliokatazwa. Nitamwambia nini? Mliopita njia hii nisaidieni.

wa_kilindoni
Umri unao, sheria inataka 21 tu. Ila chama lazima kikusimamishe, na mwenyekiti hana mshahara, anayelipwa ni mtendaji. Spana usiziuze!

bimkubwa_mwambani
Waalaykum salaam mwanangu. Mimi mzaliwa wa Juani, ng'ambo yenu tu. Halmashauri ya kijiji niliingia kwa ile robo ya wanawake, na wanaume wakadhani nimekuja kujaza viti.

Kwanza jifunze kuitisha mkutano. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, sawa, lakini ratiba ya ofisini haijui bamvua, siku maji yanapokupwa sana. Ukiuweka bamvua saa nne asubuhi, kina mama wote wako mwambani wanachokoa pweza. Utabaki na wazee na vijana wasio na chombo, halafu wenzao wakirudi watasema wameamuliwa mambo yao. Sisi tuliupeleka maji mafu, siku yasipokupwa sana, baada ya sala ya alasiri. Baraza likajaa, na hapo ndipo maswali ya fedha za tangi la maji yalipoanza.

Hesabu isome kwa sauti mpaka ya mafuta ya mashua. Siku ya kwanza nilipoisoma, mzee mmoja aliguna, "Kwani nani amekuita mwizi?" Nikamwambia hakuna, babu, nikaendelea na mstari uliofuata.

Sasa mjomba. Usimvizie barazani. Nenda kwake usiku wa kuamkia mkutano, mwamkie, kaa chini, umwambie: "Mjomba, kesho habari ya nyavu inasomwa. Nimetaka uisikie kwangu kwanza." Sisi tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu 1995, lakini usimtishe kwa askari wa hifadhi, ameshawazoea. Mtajie dema za watu, mitego yao ya samaki, zinazorudi tupu, tena uwataje wenyewe kwa majina, maana ni majirani zake.

Kwangu mimi alikuwa shemeji. Alininunia mwaka mzima, hata harusi ya binti yake sikualikwa. Nilikwenda vilevile, nikaingia jikoni nikakuna nazi na wenzangu. Nani angenifukuza?

fundi_mashine
Shikamoo bimkubwa. Na akikataa?

bimkubwa_mwambani
Marahaba. Akikataa, liende BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani, kisha mkutano mkuu. Lisitoke kinywani mwako peke yako. Siku hiyo mpishe mjumbe mwingine aongoze kikao, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba ulipisha kwa sababu ni mjomba wako. Watu wa visiwani tunajuana, atakayesema umembeba au umemkomoa hakosekani, basi awepo na karatasi ya kuonyeshwa.

Na mashine yake ikiharibika, mtengenezee kama kawaida. Bei ileile.