Tupeane uzoefu: vijibwa vya teria (Jack Russell, Yorkie na wenzao)

Mchaga_Halisi: Wakuu, habari za majukumu. Bimkubwa kastaafu, yuko peke yake Moshi, sisi watoto tumetawanyika. Anataka kijibwa cha kukaa naye ndani, si cha kulinda geti. Nimeonyeshwa teria wawili, yaani vijibwa vya asili ya kuwinda: Jack Russell na Yorkie (Yorkshire Terrier). Mliofuga mnasemaje? Wale wa "chukua German Shepherd", piteni tu.

Babu wa Njiro: Mkuu, hao ni mbwa wawili tofauti kabisa. Jack Russell jina katoa kwa kasisi wa Devon, Uingereza, John Russell, karne ya 19. Alikuwa mwindaji, akataka mbwa mdogo wa kumtoa mbweha shimoni. Damu hiyo ipo mpaka leo. Ninaye dume. Panya stoo hakuna tena, hilo namshukuru. Lakini tuta la mchicha la mke wangu analichimba mpaka unaona mkia tu. Akishamuona kuku wa jirani, utaita mpaka sauti ikauke. Chini ya fensi nimemwaga zege. Asubuhi tunatembea, jioni tunatembea, na usiku taarifa ya habari ikianza ananiletea mpira. Kumpa mama mstaafu? Labda kama bado analima mwenyewe.

Mama_Simba254: Namuunga mkono mzee. Sisi tuko Nairobi, kwa ghorofa, na Yorkie wetu ametosheka. Yeye pia asili yake ni kukamata panya viwandani huko Yorkshire, ila siku hizi mkubwa hupita kilo tatu kidogo tu. Usidanganyike na riboni kichwani, huyo hubwekea lifti!

Angalieni meno. Ya utotoni hukataa kung'oka, ya ukubwani yanaota kando yake, chakula kinanasa katikati na mdomo unanuka. Wetu aling'olewa siku ile ile ya kuhasiwa, ili alazwe usingizi mara moja tu. Sasa napiga mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa. Yetu sisi usitumie, zingine zina zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari), na hiyo kwa mbwa ni sumu. Jambo lingine ni koo. Bomba lake la hewa ni laini, ukivuta kola ya shingoni anakohoa kama bata. Mvalishe mkanda wa kifuani. Nywele hazipukutiki sana, lakini hukua bila kukoma. Usipochana zinasokotana nyuma ya masikio, na hapo ni mkasi.

Mbongo_Leeds: Huku England tangu 2020 duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita. Unakwenda kwa mfugaji, unamuona mtoto akiwa na mama yake. Hata huko fanyeni hivyo. Mtu anakuletea mtoto kwenye boksi, mama hayupo, kadi ya chanjo "nitakutumia WhatsApp", achana naye.

Duka la Mifugo Tanga: Hamjagusa kupe, na ndiyo wanaoua. Yule wa kahawia hujificha kwenye nyufa za ukuta na banda, kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake ni kazi bure. Ukiona amelala kutwa, hataki kula, ufizi umepauka, au mkojo umegeuka mwekundu, daktari siku hiyo hiyo. Kilo tatu hazina akiba ya damu. Na nawasihi, dawa ya kuogeshea ng'ombe msikadirie kwa kifuniko. Mbwa apimwe uzito kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha mfuate ratiba ya daktari. Za parvo (virusi vya kuharisha na kutapika vinavyoua watoto wa mbwa) zianze mapema, zirudiwe mpaka wiki ya 16.

Mchaga_Halisi: Nawashukuru sana. Bimkubwa kasema Jack Russell hapana, kuku wake kwanza 😂. Sasa chakula, ugali na dagaa vinafaa?

Mama_Simba254: Vinafaa kama nyongeza, dagaa wasiwe na chumvi. Vitunguu, zabibu na chokoleti mwiko. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia, inavunjika vipande vyenye ncha. Yorkie akiwa mtoto mgawie kidogo kidogo, mara nne kwa siku, maana sukari yake hushuka upesi. Akianza kuyumba mpake asali kwenye ufizi, halafu mbio kwa vet.