Christian Pineau: kutoka gazeti la siri hadi uwaziri, mpangilio wake ukoje?

Mdadisi_K
Wakuu, naomba msaada. Kila orodha ya mawaziri wa Ufaransa baada ya vita ina jina la Christian Pineau: mara chakula, mara uchukuzi, mara fedha, mara mambo ya nje. Ni kweli uwaziri ulikuwa zawadi tu ya kupambana na Wajerumani? Na wizara hizi zinafuatanaje?

Kumbukumbu
Hoja ya zawadi haisimami, mkuu. Pineau, mzaliwa wa Chaumont mwaka 1904, alikuwa mtu wa benki na wa chama cha wafanyakazi, CGT. Novemba 1940, Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani) ilipovunja mashirikisho ya wafanyakazi, alikuwa mmoja wa viongozi 12 waliotia saini tamko la kupinga. Desemba akaanzisha gazeti la Libération, toleo la kwanza likapigwa kwa taipureta, nakala 7 basi. Hapo ndipo kundi la upinzani la Libération-Nord lilipochipuka. Libération-Sud ni la Emmanuel d'Astier, usiyachanganye.

Machi 1942 alikwenda London kwa Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa Huru. Hakufuata silaha tu. Alimbana atamke wazi kwamba anapigania jamhuri, maana wafanyakazi wengi hawakumwamini jenerali. Tamko hilo likachapwa na magazeti ya siri Juni. Huyo tayari ni mwanasiasa.

Mei 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata Lyon akiwa na vitambulisho vya jina la Jacques Grimaux. Katika jela ya Montluc, Wajerumani walimwamuru amnyoe mfungwa aliyekuwa hoi kwa mateso: Jean Moulin, mjumbe wa de Gaulle na kiongozi wa upinzani, ambaye Pineau alimtambua na kunyamaza. Kisha kambi ya mateso ya Buchenwald, hadi Aprili 1945.

Mzee_wa_Nyaraka
Naongezea wizara. Mei 1945 de Gaulle alimpa Ugavi wa Chakula. Kiti cha moto: kadi za mkate zilifutwa Novemba, uchaguzi ukiwa ndiyo kwanza umepita, lakini mavuno ya ngano yalikuwa duni, na mwanzoni mwa 1946 kadi zikarudi. Pineau alikuwa ameshaondoka.

Kazi za Umma na Uchukuzi ni 1947 hadi Februari 1950. Wengi hujikwaa hapa: Septemba 1948 alikuwa waziri wa fedha kwa siku chache tu, serikali ya waziri mkuu Schuman ikaanguka, akarudi uchukuzi. Ukiandika "1947–1950" bila pengo hilo umekosea. Serikali zilianguka ovyo, kwa hiyo panga kwa jina la waziri mkuu, si kwa mwaka. Februari 1955 yeye mwenyewe alijaribu kuunda serikali, Bunge likamkatalia.

Mdadisi_K
Asante. Na Suez, ule mgogoro wa mfereji wa Misri wa 1956?

Kumbukumbu
Alishika Mambo ya Nje kuanzia Februari 1956 hadi Mei 1958. Machi 1956 Ufaransa ilitambua uhuru wa Morocco na Tunisia. Oktoba 24, mjini Sèvres, alitia saini makubaliano ya siri na Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, na Patrick Dean, afisa wa Uingereza: Israeli ishambulie Misri, kisha Ufaransa na Uingereza zijifanye wasuluhishi. Kauli za hadharani za wakati ule zisome kwa tahadhari, kwani London ilitaka karatasi hizo ziteketezwe. Nakala ya Waisraeli ndiyo iliyosalimika. Miezi 5 baadaye, Machi 25, 1957, kalamu ileile ikatia saini Mkataba wa Roma, ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, pamoja na ya Mfaransa mwenzake Maurice Faure.