Tupeane uzoefu: maji na slaidi za mabwawa ya watoto, Kisumu hadi Nakuru

Fundi wa Kondele
Wadau, Desemba ndiyo hiyo, na kila bwawa lenye slaidi kutoka Kisumu hadi Nakuru litajaa watoto. Uzi huu ni wa wanaoshika pampu, chujio na dawa. Tuweke vipimo na sababu zake. Habari za "siku moja mimi" tuziache kando.

Naanza na jua. Jua la Kisumu la saa sita linakula klorini isiyokingwa, na nusu yake yaweza kwisha ndani ya saa moja. Ukitia dawa alfajiri ukadhani umemaliza kazi ya siku, kufikia saa nane watoto wanaogelea kwenye maji yasiyo na kinga. Tia asidi ya sianuriki, dawa inayoikinga klorini na jua, miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Ikirundikana kupita hapo klorini inalemaa, na dawa ya kuiondoa hakuna: unamwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Wanaotumia tembe za trikloro, yaani klorini iliyounganishwa na sianuriki, wapime mara kwa mara, maana kila tembe inaongeza sianuriki.

Jirani wa Dunga
Swali fupi. Bwawa la lita 100,000, kipimo cha klorini kinasoma 0.5. Nitie unga wa klorini kiasi gani?

Mama Dawa
Jirani, hesabu iko hivi. Kupandisha miligramu 1 kwa lita katika lita 100,000 kunataka gramu 100 za klorini halisi. Unga ulioandikwa 65% kwenye kopo si klorini yote, kwa hiyo gawa 100 kwa 0.65, unapata gramu 154. Ukitaka kutoka 0.5 hadi 2.5, hiyo ni miligramu 2, basi ni gramu 308. Tumia mizani. Bakuli halipimi, kwa sababu unga ulioshika unyevu unajaza bakuli lile lile kwa uzito tofauti.

Ndoo ijazwe maji kwanza, ndipo unyunyize unga juu yake. Kumwagia maji juu ya unga ni hatari, unachemka na kurukia usoni. Kata iliyochota tembe za trikloro isichote unga, hata kama inaonekana safi: mabaki ya hizi mbili yakikutana yanaweza kushika moto. Na asidi ikae chumba chake, mbali na klorini, kwani zikichanganyika hutoa gesi inayoua. Tia jioni watoto wakishatoka, pampu ikizunguka, upime tena asubuhi kabla ya kufungua geti. Lenga miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Bonde la Ufa
Huku Nakuru ugonjwa mkubwa ni pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana baikaboneti nyingi, na pH yake hupenda kupanda. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini ndiyo yenye makali ya kuua vijidudu. Ikifika 8.0 inabaki robo hivi. Mtu anaona maji yanaanza ukijani, anaongeza klorini, anaongeza tena, pesa inakwenda na ukijani uko pale pale. Shusha pH kwanza, ikae kati ya 7.2 na 7.6.

Wengi hawajui kwamba slaidi yenyewe inapandisha pH. Maji yakiteremka kwa kasi na kurushwa na zile chemchemi zenye umbo la uyoga, yanapoteza kaboni dioksidi, na pH inapanda. Ndiyo sababu bwawa la slaidi linataka asidi zaidi kuliko bwawa tulivu la jirani, hata kama yote mawili yanatumia kisima kimoja. Mimina asidi kidogo kidogo upande wa kina, pampu ikizunguka, subiri muda wa saa nne, upime. Ikirudi juu kesho yake, angalia alkali ya jumla, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Inatakiwa miligramu 80 hadi 120 kwa lita.

Mwanafunzi wa Maseno
Samahani wakuu, hizi slaidi zilianzia wapi?

Fundi wa Kondele
Marekani. Herbert Sellner wa Faribault, Minnesota, alibuni slaidi ya maji mwaka 1923: mtu anateremka juu ya kigari na kuruka hadi ziwani. Mwaka 1977 George Millay akafungua Wet 'n Wild kule Orlando, na bustani nyingi za maji zimefuata mfano ule. Kwetu Kenya, Mombasa wana Wild Waters pale Nyali. Sisi wa ziwani tungeweza kusema ziwa linatosha, lakini lina kichocho, na kiboko hana ratiba. Bwawa lililotiwa dawa vizuri ni afya ya mtoto.

Nati na Bolti
Nirudi kwenye slaidi. Vipande vya faibaglasi vinaungwa kwa bolti, na ajali huanzia kwenye maungio. Kila asubuhi, kabla ya kufungulia maji, pitisha kiganja kikavu juu ya kila ungio ukifuata njia ya mtelezaji. Kipande cha chini kiwe sawa na cha juu au kiwe chini kidogo tu. Ukihisi ukingo unainuka hata unene wa ukucha, funga slaidi, kwa sababu ukingo huo utakata mgongo wa mtoto. Angalia nje pia: mstari wa chumvi au kutu chini ya ungio maana yake silikoni imekauka na maji yanavuja. Ngozi ya juu ya faibaglasi ikilika, nyuzi zinatokeza na kuwasha.

Kuteremka ni mmoja mmoja, chali, miguu mbele, mikono kifuani. Wa juu aachiliwe kwa ishara ya mhudumu aliye chini, wa kwanza akishaondoka pale pa kutua. Kuhesabu mpaka kumi hakutoshi. Stima ikipotea, slaidi ifungwe papo hapo. Slaidi kavu inachubua ngozi.

Mama Dawa
Nyongeza mbili. Harufu kali ya "klorini" ni kloramini, yaani klorini iliyoshikana na jasho na mkojo. Dawa yake ni kuongeza klorini, na watoto waoge kwanza.

Mtoto akijisaidia majini, wote watoke. Kinyesi kigumu: kitoe, klorini iwe 2 kwa pH isiyozidi 7.5, dakika 30. Akihara, ni klorini 20 kwa saa 12 na dakika 45, kwa ajili ya kriptosporidiamu, kijidudu cha kuhara kinachostahimili klorini. Muda huo ni wa maji yasiyo na sianuriki. Ikiwemo, mwaga sehemu ya maji kwanza mpaka sianuriki isizidi miligramu 15 kwa lita, kisha klorini 20 ikae saa 28.

Jirani wa Dunga
Na radi?

Bonde la Ufa
Ukisikia ngurumo, watu watoke majini na kwenye ngazi ya slaidi. Warudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, anza kuhesabu upya. Mwokoaji asiondoke kwanza, ahesabu vichwa. Mtoto anayezama hapigi kelele, husimama wima mdomo ukiwa sawa na maji.