Tupeane uzoefu: mzigo wako ulishawahi kukwama forodha ukiuza nje?

MamaMilulu: Leo asubuhi mteja wangu wa Texas kanitumia picha kikapu kiko mlangoni kwake, nikacheka peke yangu jikoni, maana kile kikapu kimetembea kuliko mimi. Nilikituma Agosti 2025. Si mnakumbuka tulizoea mzigo wa chini ya dola 800 unaingia Marekani bila ushuru? Tarehe 29 mwezi ule ule msamaha ukaondolewa kwa nchi zote na changu ndo kiko njiani. Mteja anaambiwa alipe, ananiandikia dada mimi nimeshakulipa wewe, silipi mara mbili. Kikarudi. Huku nako nikaulizwa karatasi za kuonyesha kilitokea hapa, sina, nilituma kienyeji tu, basi kikahesabiwa bidhaa mpya inayoingia nchini. Yani kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, kimesukwa na mama mkwe wangu Kalenga, Iringa, nakigomboa kama kimetoka China!! Nikalipa huku nalia, nikakituma tena, safari hii ushuru wa kule nimelipia mimi kabisa. Faida sifuri. Haya semeni na nyie.

Kijana_wa_Sido: Kama mimi tupu.

Njeri254: Pole dadangu. Mimi huku Nairobi nilikuwa nanunua vikapu kama hivyo vya Iringa, nilivyolipa Namanga mara ya kwanza niliapa sirudi. Halafu mama mmoja wa hapo mpakani akanicheka akaniambia wee si uitishe cheti rahisi cha uasili, kile cha kuonyesha bidhaa imetoka Afrika Mashariki, kama mzigo hauzidi dola 2,000 na bidhaa iko kwa orodha, unapewa hapo hapo. Ushuru wa forodha unatoka, VAT ndiyo inabaki. Miaka miwili nimekuwa nikilipa ujinga wangu.

BabaTariq: Mnajisumbua bure. Andika zawadi, thamani dola 10, yaishe.

Wakala_Tunduma: Nyie ndo mnatuharibia kazi. Zawadi gani ina invoisi ya mtandaoni na jina la duka kwenye boksi? Ofisa anafungua ukurasa wako anaona bei, hapo hauna tena ushuru una kesi.

BabaTariq: Mkuu wewe unatetea mkate wako. Nimetuma mara kumi na moja hakuna aliyenigusa.

Wakala_Tunduma: Sawa, ya kumi na mbili ikipotea utafidiwa dola 10 ulizoandika mwenyewe. Usije kulia hapa.

BabaTariq: Sijawahi kulia mtandaoni.

Ukili_Zenji: Muacheni ushuru kwanza, mie kilichoniua ni kilo za ujazo. Kikapu kina kilo moja na robo, nimekiweka kwenye mizani mwenyewe, dukani kwa wasafirishaji naambiwa kilo 12.8. Nikadhani mizani mbovu. Kumbe wanapima boksi, sentimita 40 mara 40 mara 40 gawa kwa 5,000. Nimelipia hewa jamani! Tangu siku hiyo natuma vya saizi tofauti, kidogo ndani ya kikubwa, na mishikio nailaza. Na ile nauli ukumbuke ukiagiza kuja Tanzania Bara nayo inaingia kwenye hesabu ya ushuru, kitu cha laki moja nauli elfu sitini, ushuru unapigwa kwenye laki na sitini. Kama kipo kundi la asilimia 25 ni elfu arobaini, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya laki mbili, elfu thelathini na sita nyingine. Na tozo ndogondogo bado.

Njeri254: Kodi juu ya kodi, chapati juu ya chapati.

FundiMpingo: Mmenikumbusha jambo nilikuwa nimelizika. 2018, nipo Mwenge kwa wachongaji wa Dar, napata oda ya chesi ya mpingo ya bwana harusi Ujerumani. Miezi miwili nachonga. Plastiki sipendi, nikajaza boksi maranda laini ya karakana ili vipande visigongane. Siku nipo kwenye daladala simu inaita, mteja, sauti imebadilika, ananiuliza umeniwekea nini humu? Ameitwa ofisi ya forodha, ofisa anachana boksi mbele yake, ule unga unamwagika mezani. UNGA. Wakaita mbwa. Mbwa akanusa, akapiga chafya mbili, akaenda zake. Mimi nashukuru Mungu, yameisha. Wapi. Ofisa akaokota kipande, akakigeuza, akauliza mti gani huu. Mteja kwa furaha anasema mpingo wa Tanzania! Kumbe tangu Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama wanaouzwa nje, kuuza nje lazima kibali. Unga ukasafishwa jina, vipande 32 vikabaki kizuizini mpaka leo. Hela nilirudisha yote, na harusi ikapita.

Kijana_wa_Sido: Chafya mbili 😂😂 nipo kazini jamani

Ukili_Zenji: Uliandika nini kwenye fomu, fundi?

FundiMpingo: "Vitu vya mbao."

Wakala_Tunduma: Ndo tatizo. Taja kitu, taja mti, weka namba ya HS, ile ya forodha ya kutambua aina ya bidhaa. Ila siku hizi nafuu, toka mwisho wa 2019 kazi iliyokamilika ikiwa mpingo hauzidi kilo 10 kwa mzigo hicho kibali cha CITES hakidaiwi. Vibali vya misitu vya hapa nyumbani ni habari nyingine.

BabaTariq: Angeandika zawadi ya harusi.

MamaMilulu: Wewe BabaTariq!

Bint_Maskati: Salaam wapenzi, huku Omani ushuru asilimia 5 na VAT 5, si mbaya. Mie nachukua udi na kanga kutoka nyumbani, namwambia mteja bei ya mwisho tangu mwanzo, kodi imo. Akitajiwa mlangoni anakasirika hata iwe riali moja.

Njeri254: Mimi napinga. Ukiweka ndani bei inaonekana juu anahamia kwa mwingine. Mwambie tu mapema atalipa mwenyewe.

MamaMilulu: Wangu aliambiwa alipe mwenyewe. Si alikataa?

Kijana_wa_Sido: Turudi kwa mbwa. Alikuwa wa aina gani?

MamaMilulu: Uzi wangu wa ushuru umekuwa wa mbwa.

FundiMpingo: Sikuuliza. Nilikuwa nawaza farasi wangu wanne, manyoya ya shingo niliyachora kwa ncha ya sindano.