Risiti ya EFD ikifutika, mkaguzi anasema mafuta hukuweka! Wenye malori tunamalizwa

Wakuu, salaam. Kuna jambo linatumaliza wenye malori na nimechoka kulinyamazia.

Mkaguzi wa kodi wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) amenikatalia matumizi ya mafuta ya karibu mwaka mzima kwa sababu risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti) zimefutika maandishi. Si kwamba sina risiti. Ninazo faili zima, nimezibana safari kwa safari, na nyuma ya kila moja nimeandika kwa kalamu namba ya gari na jina la kituo. Mbele ndiyo nyeupe. Karatasi ya EFD haiandikwi kwa wino, inachapwa kwa joto. Ikikaa juu ya dashibodi kutoka Chalinze hadi Tunduma na kurudi, jua lote linapiga kiooni, inafika Dar imegeuka kijivu. Ikija kufunguliwa miaka miwili baadaye unabaki na kivuli cha jumla kuu na nusu ya tarehe. Mkaguzi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaiweka upande wa zilizokataliwa. Akachukua nyingine.

Sasa nisikilizeni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inanitaka nitunze kumbukumbu kwa miaka 5. Nimetunza. Karatasi isiyofika miaka 5 sikuichagua mimi, wala sikuwa na nafasi ya kudai ya aina nyingine pale kituoni. Na mauzo ya mashine ile yanatumwa kwenye mfumo wa mamlaka yenyewe, ndiyo maana mwananchi yeyote anaweza kuhakiki risiti mtandaoni kwa namba yake ya uhakiki. Kwa hiyo taarifa za mafuta yangu mnazo nyinyi watu wa TRA! TIN yangu (namba ya mlipakodi) niliitoa pale pampuni. Kompyuta iko mezani kwa mkaguzi. Kwa nini mzigo wote wa kuthibitisha uwe juu ya karatasi iliyoungua, wakati mwenye kumbukumbu halisi ndiye anayeniuliza?

Hayo ni mafuta, ambayo angalau kituo kina mashine. Njiani je? Tairi la tela linapasuka mlima Kitonga saa nane usiku. Fundi anapandishwa na bodaboda, amebeba jeki na spana zake, anakutolea ringi, anaziba pancha, unamlipa kwa simu. Mashine ya EFD hana na hatakuwa nayo. Nimepeleka ujumbe wa muamala, jina lake limo, namba yake imo, na vocha ya malipo ameweka saini. Imekataliwa. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kutoa kwenye mapato, kabla ya kodi, matumizi yaliyofanyika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Lori lenye mzigo wa mteja limelala mlimani, hilo tairi lingekuwa la nini kingine?

Halafu mileji ya dereva, yaani posho yake ya safari. Hela ile anakulia yeye na utingo, analipia maegesho, anampa mlinzi wa yadi ili matairi yasichomolewe usiku. Mkaguzi kaijumlisha yote kwenye mshahara na kudai PAYE (kodi ya mshahara) juu yake, wakati posho inayorudisha tu gharama za kazi haihesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi. Dereva wangu hakubaki na hata mia ya hela hiyo.

Nisiwaonee. Uchakavu wa gari, yaani thamani inayopungua kila mwaka, wameupitisha kama gharama bila neno: lori zito na tela ni asilimia 25 kwa mwaka. Faini za mizani pia sikubishana, sheria iko wazi kwamba faini haitolewi kwenye mapato kama gharama. Ninachobishania ni hela iliyotoka mfukoni kihalali ikahesabiwa kama faida.

Kwa asiyefanya kazi hii, piga hesabu. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida. Wakikataa matumizi ya milioni 60, kodi inaongezeka milioni 18, bado riba. Ukitaka kupinga, una siku 30 tangu upokee makadirio, na lazima uweke kwanza theluthi moja ya kodi au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya milioni 18 ni milioni 6. Mwenye semi mbili, moja iko juu ya mawe inasubiri gia, milioni 6 anazitoa wapi ndani ya mwezi? Wengi wanauza kichwa wanamaliza kesi. Hapo Tabata nawajua waliofanya hivyo, na madereva wao sasa wanashinda vijiweni.

Kamishna ana uwezo wa kupunguza au kusamehe amana hiyo ukiomba kwa sababu za msingi. Barua ya maombi ninaiandika. Pingamizi likigonga mwamba nitakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, sirudi nyuma.

Wahasibu na wenye magari mliopo humu, naomba msaada wa haraka. Nani amewahi kupata orodha ya risiti zake za EFD kutoka kwenye kituo cha mafuta au kwenye mfumo, na aliomba kwa barua ya namna gani? Kuna aliyekubaliwa miamala ya simu kama ushahidi wa matengenezo ya njiani? Wekeni hapa hadharani, msinitumie faragha, maana wenzangu wengi wamepokea barua za ukaguzi mwezi huu huu.