Tupeane uzoefu: telefone ya kijana wa miaka 13 mpaka 17 munaipanga namna gani?

Mama Katuba
Jambo ba mama na ba papa wa Lubumbashi. Mawaidha tumesikia ya kutosha. Mutu aandike anachokijua kwa hakika: unagusa wapi, na nini huharibika.

Fundi wa Ruashi
Mama, anza na mwaka wa kuzaliwa. TikTok hufungua akaunti ya aliye chini ya miaka 16 ikiwa ya faragha, bila ujumbe wa binafsi. Mutoto wa miaka 14 akiandika 2000, anahesabiwa mukubwa na ulinzi wote unaanguka. Funga akaunti hiyo, fungua nyingine kwa tarehe ya kweli, kisha iunganishe na yako: «Connexion Famille», wewe chagua muzazi, yeye kijana, musome alama ya QR.

Family Link, programu ya Google ya kusimamia telefone ya mutoto, unaipakia kwenye telefone yako. Ya mutoto iwe Android. Weka saa za kulala, tuseme saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Wazazi wengi wanabadilisha saa, wanaona hakuna kitu, wanasema programu ni mbovu. Hapana: badiliko halifiki mpaka telefone ya mutoto ishike intaneti. Mega (data ya intaneti) zikiisha, amri inangoja. Tena Tecno na Infinix nyingi huweza kurudufisha WhatsApp, zikawa mbili ndani ya telefone moja, ya pili muzazi asiijue. Tafuta alama ndogo pembeni ya ikoni.

Dada wa Kamalondo
Aksanti papa fundi. Kwenye WhatsApp: Paramètres, Confidentialité, Groupes, «Mes contacts». Bila hiyo, yeyote mwenye namba anamuingiza mutoto katika kikundi. Zima «téléchargement automatique», maana video za vikundi ndizo zinakula mega. Halafu «Appareils connectés»: kompyuta musiyoijua, iondoe.

Mama Katuba
Na kama picha ya uchi imekwisha kutumwa, mutu anadai pesa?

Mwalimu Kampemba
Musilipe, akilipwa anarudi na bei ya juu. Musimpige mutoto. Akiogopa atafuta kila kitu, na ushahidi unakwenda nao. Piga picha za skrini za vitisho, namba, jina la akaunti na tarehe. Ndipo uripoti na kuzuia.

Kisha Take It Down, huduma ya mtandaoni ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto: ni bure, kwa picha za mutu akiwa chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya tarakimu ndani ya telefone yenyewe, picha haitoki, na Facebook na Instagram hutumia alama hiyo kuitambua picha na kuizuia. Haifuti iliyokwisha kupakuliwa kwenye telefone za watu, kwa hiyo fanyeni siku ileile.

Ushahidi upelekeni polisi au parketi (ofisi ya mwendesha mashtaka). Hapa Kongo sheria ya ulinzi wa mutoto ya 10 Januari 2009 ipo, na Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) ya 13 Machi 2023 pia. Na picha yenyewe musiitume kwenye kikundi cha familia kuomba shauri: huko ni kuisambaza tena.